Shamba Likishakuwa Ploti Halirudi

Ndugu zetu vijana, tazameni Ruiru. Palipokuwa na mibuni leo pana maghorofa. Tatu City yenyewe imejengwa juu ya mashamba ya kahawa ya zamani. Na sisi wa Pwani tusijione tuko mbali. Kilifi na Kwale minazi na miembe inapisha ploti za 50 kwa 100.

Hatusemi watu wasijenge. Vijana wanaoa na kuolewa, lazima wapate pa kuishi. Lakini ni takriban moja ya tano tu ya ardhi ya Kenya inayopata mvua ya kutosha kwa kilimo. Nani anaamua shamba lipi ligeuke mtaa?

Wengi wetu tunalaumu Nairobi. Kumbe Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi hii. Kwa Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna anayeruhusiwa kubadilisha matumizi ya ardhi bila kibali cha kaunti. Na mwombaji lazima atangazie umma, ili mwenye pingamizi alipeleke kwa waziri wa kaunti anayehusika.

Tatizo liko hapa: kaunti hiyo hiyo inayotoa kibali ndiyo inayopokea ada ya ombi. Wananchi wakinyamaza, mezani hubaki mwenye kuomba na mwenye kulipwa. Nani atauliza maji yatatoka wapi, maji taka yataelekea wapi, na soko letu litalishwa na nani?

Basi ukiona tangazo gazetini au kibao shambani, usipite tu. Kipige picha. Nenda ofisi ya upangaji, andika pingamizi, na nakala yako igongwe muhuri. Kibali kikishatolewa, una siku 14 pekee kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiza kesi za upangaji. Usiporidhika, ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na MCA wako akija kuomba kura, muulize swali moja: mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti yetu uko wapi, na unasema mashamba yetu ni ya nini? Asipokuwa na jibu, jua kuna mtu mwingine anayepanga kwa niaba yako. Mhindi hauoti juu ya zege.