Adhabu Isizidi Kosa

Anayegawa wimbo wa mwenzake bila ruhusa ni mwizi. Natanguliza hilo asije mtu akadhani namtetea. Mtunzi hukesha, mpiga gitaa huchubuka vidole, studio hudai malipo yake kila saa. Kisha wewe wauchukua wimbo bure na kuwagawia watu usiowajua. Lazima ulipe. Lakini ulipe kiasi gani?

Tazameni yaliyomkuta mama mmoja wa jimbo la Minnesota, Marekani. Makampuni ya muziki yalimshtaki kwa nyimbo 24 alizozigawa kwa programu ya Kazaa. Mwaka 2007 baraza la raia waliosikiliza kesi likamwamuru alipe dola 222,000. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, na baraza jipya likasema dola 1,920,000. Hizo ni dola 80,000 kwa kila wimbo, na mtandaoni wimbo mmoja ulikuwa ukiuzwa kwa kiasi cha dola moja! Jaji Michael Davis alishtuka, akazipunguza hadi dola 54,000. Mwaka 2010 baraza la tatu likataja 1,500,000, na jaji akazishusha tena. Hatimaye, mwaka 2012, mahakama ya rufaa ikamrudisha kwenye zile 222,000 za mwanzo.

Mtu ni yule yule, nyimbo ni zile zile. Mzani unaopanda na kushuka namna hii hata sokoni tungeukataa. Chanzo chake ni sheria yenyewe: kwa kosa la makusudi inaruhusu fidia ya kuanzia dola 750 hadi 150,000 kwa kila kazi, wala mdai halazimiki kuthibitisha hasara aliyopata.

Wako wasemao adhabu sharti itishe. Kweli, itishe, lakini mtu wa mshahara wa kawaida atazitoa wapi dola 222,000? Asipoweza kulipa, msanii hapati kitu. Na liko baya zaidi: majirani huanza kumhurumia mwizi, wakamsahau aliyeibiwa.

Nasi tujitazame. Kijana wa kibandani pale stendi, mwenye kompyuta yake, anayejaza nyimbo mia katika memori kadi kwa bei ya soda, huyo anafanya biashara kwa jasho la wengine. Anyang'anywe faida yote, atozwe na zaidi, na kompyuta ichukuliwe. Binti aliyemrushia shoga yake wimbo mmoja kwa simu, msimweke kapu moja na huyo. Alipe bei ya wimbo mara tatu, mara tano akirudia, naye atazitoa mfukoni mwake huku zikimuuma.

Waheshimiwa wabunge, mnapoandika sheria hizi, andikeni kwanza hasara ya msanii na faida ya mkosaji, ndipo mtaje kiwango. Tena andikeni kwa herufi zisizofutika kwamba fedha hiyo, kabla haijapita kwa wakili na kampuni, imfikie yule mpiga gitaa.