Mgongo unauma, lakini tulilalaje?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walinena wahenga. Ndiyo maana mtu akilalamika mgongo huku mpakani, majibu huwa mepesi: punguza mizigo, au meza kidonge. Hakuna anayemwuliza alilala wapi, na alilala kwa saa ngapi. Mimi naona swali hilo tumelipuuza kwa muda mrefu mno.

Wanaovuka kutoka Kobero kwenda Kabanga, au Mugina kwenda Manyovu, wanayajua maisha hayo. Mchuuzi wa mchele, dagaa au unga wa muhogo huamka saa tisa usiku ili awahi gari la kwanza. Akikwama upande wa pili, hulala juu ya magunia akilinda mali yake, jicho moja wazi. Kesho yake hubeba tena. Baada ya miezi kadhaa anatembea ameshika kiuno, na kila mtu analaumu gunia.

Gunia lina hatia yake, sibishi. Lakini tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba usingizi mbovu na maumivu ya mgongo huchocheana. Mwenye maumivu hulala vibaya. Vilevile, asiyelala vizuri yumo katika hatari zaidi ya kuanza kuumwa mgongo hata kama hakuwa na shida hiyo, na aliyekwisha kuumwa huchelewa kupona. Usiku mbaya hupunguza uwezo wa ubongo wa kuyazima maumivu, kwa hiyo kinachouma kidogo leo huuma zaidi kesho.

Wala si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba huenda wakafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwa takribani wagonjwa 9 kati ya 10, hakuna ugonjwa mmoja au mfupa uliovunjika unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Mambo kadhaa huchangia kwa pamoja: mzigo, mawazo, kukaa bila kujinyoosha, na usingizi.

Sisi tuliorudi tuna fungu letu. Nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako wazazi wetu waliokimbia mwaka 1972 walipewa makazi. Nilirudi nikiwa mtu mzima, nikashika chaki. Nazijua nyumba zetu za mwanzo: mkeka sakafuni, watoto wanne kitanda kimoja, na baba anayekesha akiwaza shamba linalodaiwa na mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo, mwenye miaka 35, akiambiwa mgongo wake ni uzee, anadhulumiwa.

Sokoni nako vidonge vya maumivu vinauzwa kama karanga. Diklofenaki na jamii yake hutuliza kwa muda, lakini zikimezwa kila siku bila ushauri wa mganga huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo ulitanguliza mazoezi, elimu na ushauri nasaha, na haukupendekeza hata ile mikanda ya kiuno tunayouziwa.

Atasema mtu kwamba usingizi ni anasa ya matajiri. La hasha. Mgongo ndio mtaji wa mchuuzi, na mtaji hulindwa. Wachuuzi ishirini wakichanga na kuwalipa walinzi wawili wa zamu, kumi na wanane hawatakuwa na sababu ya kukesha, na hao wawili waliobaki pia watalala. Vyama vya wafanyabiashara vianze na hilo. Wakuu wa komine za mpakani nao watenge banda lenye paa, mlango na kufuli, watu waweke mali humo na wapate pa kujilaza. Ushuru tunaolipa kila siku unatosha kutudai haki hiyo kwa niaba yetu.

Nyumbani, mtu mzima ajitahidi kulala angalau saa 7. Asidhani kitanda kigumu kama ubao ndiyo dawa: utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba godoro la ugumu wa wastani liliwasaidia wagonjwa kuliko lile gumu. Anayelala ubavu aweke mto, au hata kitenge kilichokunjwa, katikati ya magoti. Kahawa ya jioni aiache. Mchana atembee, asijilaze kutwa.

Lakini maumivu yanayoambatana na homa na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na mtu akifa ganzi katikati ya mapaja, akishindwa kuzuia mkojo, au miguu ikiishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tulirudi ili tujenge, na mjenzi asiyelala hajengi kwa muda mrefu. Wenye vyama, itisheni mkutano wa kuchangia walinzi kabla ya msimu ujao wa mavuno kuwarudisha watu juu ya magunia.