Upatu wa DECI: Hesabu ya darasani ingetosha kuwaokoa

SAKATA la DECI lilikwisha mahakamani, lakini fundisho lake bado halijawaingia wengi. Agosti 2013, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wanne wa taasisi hiyo kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za umma bila leseni. Maelfu ya Watanzania walikuwa wamekwisha "kupanda" fedha zao kati ya mwaka 2007 na 2009, wakisubiri "kuvuna" maradufu.

Lugha hiyo ya shambani haikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Waendeshaji walikuwa wachungaji, na waumini wanalijua vema neno mbegu. Hata neno upatu lenyewe liliwatuliza watu, kwa kuwa kina mama wamecheza upatu miaka nenda rudi bila kudhulumiana. Tofauti ni kwamba katika upatu wa mtaani kila mmoja hupokea kile alichochanga, hakuna faida. Anayeahidi faida hana budi kueleza inatoka wapi.

DECI haikuwa na kiwanda wala shamba la kutoa mavuno hayo. Aliyevuna alilipwa kwa fedha za waliopanda nyuma yake. Ili mmoja alipwe maradufu, sharti waingie wawili wapya. Hao wawili nao wanahitaji wanne. Kwa mwendo huo, raundi ya 10 inahitaji watu 1,024, na ya 20 inapita milioni moja. Raundi ya 26 pekee inahitaji zaidi ya watu milioni 67, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Upatu wa aina hii hauvunjwi na Serikali. Huvunjwa na hesabu.

Ndiyo maana ushuhuda wa jirani aliyekwisha kulipwa si ushahidi. Wa mwanzo hulipwa kweli, na malipo yao ndiyo chambo. Nchini Kenya, kikosi kazi cha Serikali kilibaini kuwa watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya Sh8 bilioni katika michezo ya namna hiyo.

Mwananchi anayeombwa fedha leo, iwe kanisani au kwenye simu, aulize mambo matatu. Faida inazalishwa na biashara gani? Je, Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana imetoa leseni? Cheti cha usajili wa kampuni si leseni ya kupokea amana. Na kwa nini faida ya mwezi mmoja ipite riba ya mwaka mzima ya hatifungani za Serikali?

Mahakama huadhibu fedha zikiwa zimekwisha kupotea. Kinga ya kweli ni mwenye fedha kupiga hesabu kabla hajafungua pochi.