Bushi Zikigonga: Ubadilishe Leo au Usubiri?

Ndugu msomaji, yapo maradhi ya gari yanayopiga kelele kubwa ilhali madhara yake ni madogo, na yapo mengine yanayonong'ona tu, kumbe yamekwisha kula mfupa. Maradhi ya bushi huweza kuwa ya aina zote mbili. Ndiyo maana leo nimeona yafaa tuzungumzie raba hizi ndogo zinazofungwa katika viungo vya miguu ya gari, na tulijibu swali ambalo huzua ugomvi baina ya mume na mke, na baina ya mwenye gari na fundi: je, bushi hubadilishwa lini?

Swali hilo lilinifikia nyumbani kwa dada yangu, Kibaha. Shemeji yangu ni mfanyakazi. Gari lake dogo humpeleka kazini Dar es Salaam siku tano za juma kwa barabara ya Morogoro, na mara kwa mara humpeleka kwao Maneromango, wilayani Kisarawe. Wakati huo ilikuwa imebaki juma moja tu kufikia arobaini ya marehemu baba yake, naye ndiye mtoto wa kwanza. Ilimpasa kufika na mke, watoto, magunia mawili ya mchele na sufuria za kuazima.

Gari lilikuwa likigonga mbele, upande wa kushoto, kila lilipokanyaga tuta. Fundi wa kwanza alimwambia abadilishe bushi zote, za mbele na za nyuma. Fundi wa pili alizimwagia oili chafu. Kelele ikanyamaza siku tatu, kisha ikarudi na ukali zaidi. Dada yangu naye akasema ada ya watoto haijatimia, kwa hiyo gari lisubiri. Mpwa wangu, kijana anayesomea ufundi wa magari na ambaye usingizini huota mashindano, alishauri zifungwe bushi ngumu za plastiki kama za magari ya mbio.

"Shemeji, wewe ndiye mwandishi," aliniambia shemeji, "basi tuamulie." Nilimjibu kwamba hakuna hukumu bila ushahidi. Twende chini ya gari kwanza.

Kabla hatujaingia huko, tuelewane juu ya bushi yenyewe. Aghalabu ni raba iliyogandishwa baina ya mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine. Bomba la nje hushikwa na mkono wa gurudumu. La ndani hukazwa kwa bolti kwenye fremu. Gurudumu linapopanda na kushuka, raba hujinyonga kidogo na kurejea mahali pake. Hiyo ndiyo kazi yake yote: kuruhusu mwendo unaotakiwa, kuzuia usiotakiwa, na kumeza mtikisiko usifike kwenye kiti cha abiria. Raba huzeeka kwa joto, kwa hewa, kwa mafuta na kwa kazi. Kwa hiyo kilomita peke yake si kipimo. Gari lililotembea kidogo lakini likakaa juani miaka mingi laweza kuwa na bushi zilizokufa kuliko gari linalotembea kila siku kwenye lami.

Hapo ndipo ubaya wa oili chafu unapodhihirika. Raba ya asili haipatani na mafuta ya injini; huvimba, ikalainika, ikapoteza nguvu zake. Fundi anayemwagia oili anaondoa kelele, haondoi ugonjwa. Na pengine anauongeza.

Sasa turudi chini ya gari. Tulivuta breki ya mkono, tukaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, tukanyanyua mbele na kuliegemeza gari juu ya stendi imara. Nakusihi, msomaji, usiingie kamwe chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Jeki ikiteleza haikupi nafasi ya pili.

Mpwa wangu alimulika tochi kwenye kila bushi. Jambo la kwanza la kutofautisha ni ufa wa juu na ufa wa ndani. Mikunjo myembamba juu ya raba, kama ya ngozi ya mzee, ni dalili ya umri, si hukumu ya kifo. Ufa uliozama hadi raba ikaachana na chuma, huo ni jambo jingine. Jambo la pili: baadhi ya bushi zimetengenezwa na nafasi wazi ndani yake tangu kiwandani, ili zilegee upande mmoja na kukaza upande mwingine. Asiyejua huona tundu akadhani imekatika. Linganisha ya kushoto na ya kulia kabla hujatoa fedha. Jambo la tatu: zipo bushi zenye kimiminika ndani. Hizo zikivuja, zimekwisha, hata kama raba kwa nje inang'aa.

Baada ya macho hufuata mtaimbo. Uingize baina ya mkono na fremu, uusukume kwa nguvu ya kiasi. Bushi nzima husogea kidogo kwa ukaidi, kisha hurudi yenyewe. Iliyokufa hucheza, na chuma hugonga chuma. Hapo hapo kagua na boljointi, kwa kuwa nayo hugonga kama bushi lakini hatari yake ni kubwa zaidi: ikichomoka, gurudumu hulala. Vijiti vya stabilaiza na sehemu ya juu ya shokamzoba pia hugonga. Watu wengi wamenunua bushi mpya, na mlio ukabaki pale pale.

Tulichokiona ni hiki. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini, upande wa kushoto, ilikuwa imeachana kabisa na chuma chake. Ya kulia ilikuwa na ufa wa ndani karibu nusu ya mzunguko. Nyingine zote, za mbele na za nyuma, zilikuwa na mikunjo ya umri tu. Boljointi zilikuwa salama. Shemeji alipoulizwa vizuri, alikiri kwamba kwa majuma kadhaa gari lilikuwa likivuta upande mmoja kila alipokanyaga breki, na tairi la kushoto lilikuwa limelika ukingo wa ndani. Aliyachukulia kuwa makosa ya barabara.

Sasa nije kwa mpwa wangu na magari yake ya mbio, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 yalishindwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell katika Peugeot 404. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Katika mbio za namna hiyo kila kiungo cha gari hutiwa mtihanini.

Gari la mashindano huhitaji gurudumu likae pale pale alipoliweka dereva. Bushi ikilegea milimita chache tu, pembe ya gurudumu hubadilika katikati ya kona. Ndiyo sababu wengi huondoa raba laini na kutia plastiki ngumu, au hata viungo vya chuma. Lakini tazama gharama ya uamuzi huo: gari hukaguliwa baada ya kila shindano, na kifaa hubadilishwa kwa shaka tu, bila kungoja kigonge. Mwenye gari la mbio hununua uhakika kwa fedha na kwa starehe yake. Bushi ngumu katika gari la familia huleta mtikisiko ndani, huweza kulia zisipopakwa grisi yake maalumu, na huhamishia mshindo kwenye mikono na fremu. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma hashindani na mtu.

Hata hivyo lipo somo moja tunaloweza kuliazima kutoka kwa wenye mbio, nalo ni desturi ya kukagua. Wao hawangoji kelele. Nasi twaweza kumwomba fundi amulike bushi kila anapobadilisha oili, na tukaandika katika daftari alichokiona na tarehe. Daftari la kurasa chache huokoa fedha nyingi, kwani huonyesha kama ufa umesimama au unatembea.

Kwa hiyo, msomaji, nakupa mizani ya ngazi tatu. Ukiona mikunjo ya juu tu, gari halivuti upande na tairi linalika sawasawa, usinunue chochote. Kagua tena baada ya miezi michache. Ukiona ufa wa ndani lakini chuma hakijagusa chuma, anza kutenga fedha, na ubadilishe mapema kabla ya safari ndefu au mvua za masika. Ukiona raba imeachana na chuma, au gari linahama njia ukikanyaga breki, au boljointi inacheza, liegeshe. Hapo hakuna mjadala wa ada wala wa heshima.

Gari la shemeji lilikuwa ngazi ya tatu kwa kushoto, na ya pili kwa kulia. Nilimwambia abadilishe hizo mbili kwa pamoja, kwa kuwa bushi mpya upande mmoja na mbovu upande mwingine hufanya gari liwe na miguu isiyolingana. Zile nyingine zote alizoambiwa na fundi wa kwanza zingoje. Fedha za bushi mbili zilikuwapo bila kugusa ada. Kilichokosekana ni muda, kwa kuwa bushi sahihi hazikupatikana Kibaha wala Kariakoo siku hizo mbili zilizobaki. Fundi wa pili alijitolea kuchonga raba ya tairi kuukuu na kuishindilia. Shemeji alinitazama. Nilimwambia anitazame vizuri, maana mimi ndiye ningekaa na dada yangu na wapwa zangu hospitalini.

Alinyamaza kitambo. Mtoto wa kwanza kufika arobainini kwa basi, na gari lake likiwa uani, si jambo jepesi, watu husema. Lakini siku ile walipanda basi, mchele ukatangulia juu ya gari la jirani. Aliniambia baadaye kwamba mama yake hakuuliza gari liko wapi. Aliwahesabu wajukuu tu.

Bushi zilipopatikana, tulisimamia mambo matatu ambayo nawe uyadai. Mosi, zitolewe na kuingizwa kwa mashine ya kukandamiza, si kwa nyundo. Pili, bolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake; zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hubaki imejinyonga muda wote, na itachanika mapema. Tatu, gari lipelekwe kupimwa pembe za magurudumu, vinginevyo tairi jipya litalika kama la zamani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba si kila ufa ni wa kuta kuanguka. Mwambie fundi wako akuonyeshe ugonjwa kwa tochi kabla hujamlipa dawa. Akikuonyesha, mlipe bila manung'uniko. Asipoweza kukuonyesha, mshukuru, na urudi nyumbani na fedha zako.