Ukinipa vidonge, nipe na njia ya kuviacha

Kuna maneno tumeyazoea hapa kwetu: "Kaacha dawa mwenyewe, sasa anaumwa, alaumiwe nani?" Wanasema wa kituo cha afya, wanasema wenye vizibao vya mashirika, na sisi majirani tunaitikia. Mimi siitikii.

Nazungumzia prednisoloni. Wanapewa wenye pumu, wenye viungo vilivyovimba, na wenye ukoma ambao neva zao zimeshambuliwa. Ukoma haujaisha Msumbiji, na Cabo Delgado ni mkoa mmoja ambao bado unao. Neva isipotibiwa mapema, mkono unapooza. Kwa hiyo dawa yenyewe siipingi. Napinga inavyotolewa.

Juu ya figo tuna tezi mbili ndogo. Kila siku zinatengeneza homoni ya kutupa nguvu, kushikilia presha na kutusaidia tukiugua. Prednisoloni inafanya kazi hiyo hiyo. Ukiimeza zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zinaona kazi imepata mtu, zinalala. Sasa kata ghafla: kidonge hakipo, na tezi hazijaamka. Mtu anaishiwa nguvu, viungo vinauma, anatapika, akisimama anaona kizunguzungu. Akipata homa kali au jeraha siku hizo, presha inaweza kushuka mpaka akafa. Na sisi tunasema karogwa, au mvivu huyo, hataki kwenda kuchota maji.

Ndo maana dawa hii inashushwa ngazi kwa ngazi. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uliotumika miaka mingi kwa neva za ukoma ni wiki 12: miligramu 40 kwa siku, halafu 30, 20, 15, 10, 5, kila ngazi wiki mbili. Kwa vidonge vya miligramu 5, jumla ni vidonge 336. Hesabu hiyo inaingia kwenye kikaratasi kimoja. Basi kwa nini mtu anatoka dirishani na kifuko cha vidonge 30 na neno "utarudi"?

Atarudi vipi? Mwisho wa 2020 vita vilifika Mute. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Watu wakakimbilia Quitunda, wengine porini kuelekea Nangade, wengine baharini kwenda Pemba. Anayekimbia na mtoto mgongoni harudi dirishani Jumatatu. Huyo hakuacha dawa. Dawa ndo imemwacha.

Mtaniambia vidonge ni vichache, barabara mbovu. Sawa. Basi ndo sababu zaidi ya kumwambia mgonjwa kabla hajameza cha kwanza, na kumtunzia vya kushukia kabla ya kuanza mwingine. Kikaratasi kiandikwe kwa lugha anayoielewa, Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, na asiyesoma achorewe. Kiseme jina la dawa, ameanza lini, anashuka vipi, ili hata akifika kambi nyingine muuguzi mgeni ajue pa kuendelea.

Na nyinyi mnaouza vidonge hivi sokoni kwamba vinanenepesha, mnawalaza watu tezi bila kuwaambia. Acheni.

Ndugu zangu, msije mkaogopa dawa. Mwenye pumu aliyepewa siku tano tu, kwa kawaida anamaliza na kuacha, hakuna shida. Anayemeza kwa wiki nyingi asikate mwenyewe, wala asijipangie kwa kuangalia wiki 12 nilizoandika hapa. Kila ugonjwa una mpango wake. Vikibaki vya siku chache, nenda kituoni mapema. Ukiumwa homa au kutapika, sema kwanza kwamba unatumia prednisoloni.

Na pale dirishani, kabla hujaondoka, uliza: "Nitaviacha vipi, na vya kuachia viko wapi?" Mama asiyeweza kwenda, vijana tumsindikize, tumuulizie. Asiyejibiwa asimame hapo hapo mpaka ajibiwe.