Pesa ziende chini ya meza

Najua nimepotea. Tulikuwa na test tatu ndani ya wiki moja, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki blogu. Leo nimerudi kwa sababu kuna jambo linanikera na Ijumaa tuna kikao, kwa hiyo bora niseme hapa kwanza nikiwa na akili timamu.

Kichwa cha habari msikielewe vibaya. Siongelei rushwa. Naongelea meza ya mbao kabisa, ile ya kwenye kona ya maabara ya baiolojia, ambayo juu yake sisi walimu watarajiwa tunataka kuweka akwariamu ya maji ya bahari. Tumechangishana tangu muhula uliopita. Na ugomvi wenyewe ni huu: wenzangu wengi wanataka pesa iende juu ya meza, kwenye taa nzuri na samaki wa rangi. Mimi nasema iende chini, kwenye lile tangi la pili ambalo mgeni hataliona. Wenye akwariamu huliita sampu.

Waliokuwa hapa nilipokuwa mwaka wa kwanza wanakumbuka ile akwariamu ya kaka zetu waliotutangulia. Ilikuwa nzuri jamani. Ilikuwa na kichujio kimoja kidogo kilichoning'inia nyuma ya kioo, basi. Likaja Pasaka, watu wakaenda makwao, umeme ukakatika. Tuliporudi Jumanne tulinusa kabla hatujafungua mlango. Samaki kumi. Mimi na mwenzangu mmoja ndio tuliowatoa kwa ndoo, na tangu siku ile sina hamu na akwariamu ya kupendezesha macho tu.

Sasa sampu ni nini? Kwa asiyejua, ni tangi linalokaa chini ya lile kubwa. Maji yanamwagika kutoka juu kupitia tundu lililo karibu na uso wa maji, yanashuka kwa bomba, yanapita vyumba vya sampu kimoja baada ya kingine, halafu pampu inayarudisha juu. Faida ya kwanza ni kwamba maji yanaongezeka, na maji mengi hayabadiliki haraka. Ya pili, vitu vyote vya ajabuajabu unavificha huko.

Tangi letu la juu lina urefu wa sentimita 120, upana 45, kimo 50, na tutalijaza hadi sentimita 45. Hizo ni lita 243. Sampu ni 90 kwa 35 kwa 40, nayo tutaijaza sentimita 25 tu, yaani lita 79 hivi. Jumla lita 320 na ushee, kabla mawe hayajachukua nafasi yake. "Mbona unaacha sentimita 15 bure?" aliniuliza mwenyekiti wetu. Jibu alilipata mwenyewe wiki mbili zilizopita.

Tulikuwa tunafanya majaribio kwa maji ya bomba, bila samaki, bila chumvi, bila chochote. Bomba la kurudishia maji tulilizamisha sentimita 15 chini ya uso wa maji kwa sababu eti likionekana linaharibu sura. Nikasema haya, tuzime umeme tuone. Tukachomoa pampu. Wadau, maji yakaanza kurudi kinyumenyume kwenye bomba lile lile, taratibu, bila kelele. Bomba lilikuwa linayafyonza mpaka mdomo wake ubaki hewani. Sentimita 15 za tangi la juu ni lita 81. Nafasi iliyokuwa wazi kwenye sampu ilikuwa lita 47. Zilizobaki, lita 34, zilienda kwenye sakafu ya maabara na chini ya kabati la darubini.

Fundi wa maabara akasimama mlangoni. "Vijana, hii ni maabara au bwawa?" Tukasema shikamoo mzee, akasema marahaba, kapigeni deki.

Hesabu hiyo mtoto wa kidato cha kwanza anaiweza, na sisi wa mwaka wa tatu hatukuipiga. Mdomo wa bomba ukikaa sentimita tatu tu chini ya uso wa maji, yanarudi lita 16, na kwenye sampu yanapanda sentimita tano. Hapo unalala usingizi. Watu hutoboa pia kitundu kidogo kwenye bomba karibu na uso wa maji ili hewa iingie na mfyonzo ukatike, lakini kitundu huziba kwa ukoka na chumvi, kwa hiyo kisiwe tegemeo peke yake. Kwa mji wetu huu, ambapo umeme hauagi ukiondoka, sampu lazima ipangwe kwa ajili ya saa ambayo pampu imesimama. Saa inayofanya kazi haina shida.

Nikirudi kwenye ugomvi. Sampu ya sentimita 90 ina nafasi yake, na kila mtu anaitaka. Mwenyekiti ana mchoro wake: chumba cha kwanza sentimita 45 kwa ajili ya skima, chumba cha pampu 25, na sentimita 20 za katikati ndiyo refujiamu. Mchoro wangu: 20 za mwanzo kwa soksi ya kuchujia takataka, 45 za katikati zote refujiamu, 25 pampu. Kwake mwani unapata lita 17 na nusu. Kwangu unapata 39.

Skima ni mashine inayopuliza mapovu madogo sana ndani ya maji. Uchafu wa protini hunata kwenye mapovu, povu linapanda, linamwagika kwenye kikombe likiwa na rangi ya chai ya rangi. Mnajua lile povu linalobaki ufukweni upepo ukivuma sana? Kanuni ni ileile. Skima inafanya kazi haraka na inaingiza oksijeni, siwezi kuisema vibaya. Lakini ile tunayoitaka itakula zaidi ya nusu ya mchango wetu, spea zake hazipo mtaa wa pili, na ikishachukua sentimita 45 kinachobaki ni kibustani cha maonyesho.

Refujiamu ni neno la Kilatini, maana yake mahali pa kukimbilia. Mhazini wetu anaiita kimbilio na jina limeshika. Ni chumba chenye maji yale yale, ila hakina samaki. Ndani yake unaweka mwani na taa yake, na wadudu wadogo wa baharini kama kopepodi na amfipodi wanazaliana humo bila kuliwa. Wachache wanapanda juu na maji, samaki wanapata chakula kibichi. Mwani nao unakula nitrati na fosfati zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Siyo mambo mapya haya. Walter Adey wa Smithsonian kule Marekani alikuwa anasafisha maji ya matumbawe kwa kutumia mwani tangu miaka ya 1980.

Tatizo la watu ni kudhani ukishaweka mwani umemaliza. Hapana! Mwani ni ghala. Uchafu umeingia kwenye majani, bado uko ndani ya sampu yako. Lazima uukate na kuutoa nje, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, ndipo uchafu unaondoka kweli. Usipouvuna, ukajibana na kuanza kuoza chini, unarudisha kila kitu ulichompa. Mimi nimejiandikisha kuvuna. Nani mwingine?

Na siyo mwani wowote. Mwenzetu mmoja wa Unguja alipendekeza mwani wa kulimwa, ule ambao kina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiufunga kwenye kamba tangu kilimo hicho kilipoanza mwaka 1989. Wazo zuri, lakini ule unataka jua kali na maji yanayokwenda, na hata baharini joto likizidi unakufa. Caulerpa inakua haraka, ila ina tabia moja mbaya: siku ikiamua kuzaa inamwaga mbegu zake zote kwenye maji, maji yanakuwa kama maziwa, na mmea wenyewe unabaki ganda. Mimi nataka Chaetomorpha, ule unaofanana na mshipi wa mvuvi uliovurugika. Haushikani na mawe, unaukata kwa mkasi kama nywele.

Taa ya kimbilio tutaiwasha usiku, wakati ya juu imezimwa. Usiku viumbe wote wanatoa kaboni dayoksaidi na pH inashuka. Mwani ulio kwenye mwanga unaitumia hiyo kaboni dayoksaidi, kwa hiyo pH haiyumbi sana. Balbu moja ndogo ya LED inatosha.

Nitakubali kitu kimoja ambacho mwenyekiti alinibana nacho. Alisema, "Kaka, umeme ukikatika usiku huo mwani wako nao unavuta oksijeni." Kweli kabisa. Skima isiyo na umeme nayo ni ndoo tu, lakini angalau ndoo haipumui. Ndiyo maana naomba sehemu ya pesa itakayobaki inunue pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, iwekwe tangi la juu, na ijiwashe yenyewe umeme ukiondoka. Kwa samaki wale kumi wa Pasaka kitu kama hicho huenda kingetosha. Na tukipata pesa baadaye, kuna skima za kuning'iniza nje ya sampu. Kioo kikishakatwa na kugundishwa, vyumba havipanuki.

Kuna jambo la chumba cha mwisho ambalo hakuna aliyelizungumza kikaoni, nami linanitisha kuliko yote. Maji yakikauka kwa joto, chumvi inabaki. Kwenye yale majaribio tulipoteza karibu lita tatu kwa siku. Siku kumi bila kuongeza, chumvi inatoka 35 kwa elfu inaenda karibu 39. Halafu maji hayapungui kila mahali. Yanapungua kwenye chumba cha pampu peke yake, sentimita tatu na nusu kila siku. Siku ya sita au ya saba pampu inavuta hewa. Likizo yetu fupi kabisa ni ndefu kuliko hapo! Kwa hiyo boya, kama lile la tangi la choo, na dumu la maji yasiyo na chumvi juu yake. Narudia, yasiyo na chumvi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko samaki mmoja.

Mtaniuliza kwa nini najitesa na mabomba wakati kozi yangu ni ualimu. Nilipokuwa TP mwaka jana nilifundisha mzunguko wa naitrojeni kwa chaki. Mishale mizuri, rangi tatu. Wanafunzi wakanakili, wakakariri, kwenye jaribio wakanirudishia mishale yangu. Kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hao bakteria wanakaa wapi?" Nikasema kwenye udongo, nikaendelea. Sikuwa na cha kumwonyesha. Kwenye sampu ningemfungulia mlango wa meza nikamwambia pima mwenyewe: wiki hii amonia imepanda, wiki ijayo nitriti, baadaye nitrati, halafu mwani unanenepa na nitrati inashuka. Shule zitakazotembelea maabara yetu zitaangalia samaki kwa dakika tano. Mlango wa chini unaweza kubeba kipindi kizima.

Ndiyo maana pia sina haraka na samaki. Mawe tutumie chokaa kavu, kama ile ya Wazo inayochimbwa kwa saruji, tuioshe vizuri. Matumbawe hai yaachwe yalipo, na Bongoyo na Mbudya ni hifadhi tangu 1975, kwa hiyo wale wanaopanga safari ya "kuokota vitu" waokote soda. Mwani na mchanga kidogo tuvipate kwa kibali cha uvuvi. Tuwashe mfumo, tupime kwa wiki kadhaa mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Ndipo waje wawili wadogo. Yule wa Finding Nemo, kama mhazini anavyotaka, sina neno.

Kikao ni Ijumaa saa kumi jioni, pale pale maabara. Fundi wa vioo anakata Jumamosi asubuhi, akishakata imekwisha. Mchoro wangu nimeubandika mlangoni karibu na tangazo la sup. Kama una hoja ya kunipinga njoo nayo, ila njoo na futi na kikokotoo. Na mwenye tambara la deki alete, maana tutazima umeme tena.