Mtoto ana selimundu, na mwili wako je?

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo shamba tuliache kidogo.

Mwanangu ana selimundu. Alipogundulika niliacha kukimbia asubuhi, nikaona ni anasa kwa mzazi mwenye mgonjwa. Nikanenepa, presha ikapanda. Usiku mmoja homa ilimshika, nikambeba hadi barabarani nikihema kuliko yeye.

Tangu hapo nasema mzazi wa mtoto kama huyu hana ruhusa ya kuutupa mwili wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wewe unayevuna mpunga au kupiga kasia huko delta umeshazipita. Usijiongezee mbio, pumzika. Ninayemsema ni wewe wa dukani Kibiti mjini, unayekalia kiti tangu asubuhi. Tembea. Watakuuliza nani anakufukuza; mimi waliniuliza sana.

Ila zamu ziwepo. Kwangu mmoja akitoka, mwenzake yupo na mtoto. Mtoto naye acheza, lakini asishindanishwe mpaka achoke kabisa; anywe maji mara kwa mara, na nguo zikilowa mvua abadilishwe upesi. Homa ikifika nyuzi 38, mazoezi yako yaahirishwe: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Na ninyi wa visiwani, nauli ya boti iwekeni kando leo, mtoto akiwa mzima.